Ukosoaji wa Uteuzi Asilia: Ugomvi Ni wa Kiasi, Si wa Kuwepo

Mwezi Oktoba mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha kwa pamoja hoja za makundi mawili ya wanabiolojia waliokuwa wakijibizana juu ya swali moja: je, nadharia ya mageuko ya viumbe inahitaji kufumuliwa na kusukwa upya? Kundi moja, likiongozwa na Kevin Laland, lilijibu kwamba inahitaji, tena haraka. Kundi la pili, ambalo ndani yake walikuwamo Gregory Wray na Hopi Hoekstra, lilijibu kwamba mambo yanayodaiwa kuwa mapya yamo tayari ndani ya nadharia iliyopo. Novemba 2016 mjadala huo ulihamia London, katika mkutano ulioandaliwa na Royal Society pamoja na British Academy, taasisi za wanazuoni za Uingereza, na tangu hapo haujapoa. Kila unapofukuta, husambaa habari kwamba wanasayansi wenyewe wamemkana Darwin. Na kila habari hizo zinaposambaa, hujitokeza watetezi wa kusema kwamba hakuna ukosoaji wowote wa kisayansi, bali upinzani wa kidini tu. Pande zote mbili zinampotosha msomaji.

Ukosoaji wa kisayansi upo, na ni mzito kuliko wanavyokiri watetezi wengi. Lakini karibu wote unahusu kiasi: katika mabadiliko yote tunayoyaona kwenye viumbe, ni sehemu gani imeletwa na uteuzi asilia, yaani walio na sifa zinazofaa mazingira yao kuacha watoto wengi zaidi kuliko wengine, na ni sehemu gani imeletwa na nguvu nyingine? Swali hilo ni tofauti kabisa na swali la kama viumbe vina nasaba moja, na ni tofauti pia na swali la kama uteuzi asilia unatokea. Anayechanganya maswali haya matatu anaweza kusoma makala ya kweli, yenye takwimu za kweli, akatoka na hitimisho ambalo waandishi wa makala hiyo wangelishangaa.

Mchanganyiko huo una chanzo chake. Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi Novemba 1859, alifunga madai kadhaa katika mzigo mmoja: kwamba spishi hubadilika, kwamba zinatokana na wahenga wa pamoja, na kwamba msukumo mkuu wa mabadiliko hayo ni uteuzi asilia. Madai mawili ya kwanza yalikubaliwa na wanabiolojia wengi katika muda wa miaka ishirini hivi. La tatu lilipingwa kwa zaidi ya nusu karne, na kufikia mwaka 1900 lilikuwa limedhoofika sana hata miongoni mwa watu waliokubali nasaba ya pamoja bila wasiwasi. Darwin mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu hicho, alisema kwamba uteuzi asilia ni njia kuu ya mabadiliko lakini si njia pekee. Kwa hiyo anayesema leo kwamba kuna nguvu nyingine pembeni ya uteuzi hampindui Darwin. Anarudia sentensi aliyoiandika Darwin.

Tutazame ukosoaji wenyewe, maana hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Mwaka 1867 mhandisi wa Uingereza, Fleeming Jenkin, aliandika uhakiki uliogusa mahali paliposhonwa vibaya. Wakati huo karibu kila mtu, Darwin akiwemo, aliamini kwamba sifa za wazazi wawili huchanganyika ndani ya mtoto kama rangi mbili zinavyochanganyika kwenye kopo. Jenkin akauliza: ikiwa ni hivyo, sifa mpya nzuri itadumu vipi? Aliyezaliwa nayo atazaa na mwenzi asiyekuwa nayo, mtoto atakuwa na nusu yake, mjukuu robo, kitukuu sehemu moja ya nane, na kabla uteuzi haujapata nafasi ya kuinyanyua, sifa yenyewe itakuwa imeyeyuka kama tone la wino katika pipa la maji. Hoja hii ilikuwa sahihi. Kwa nadharia ya urithi iliyokuwapo, uteuzi asilia haukuweza kufanya kazi. Darwin aliikiri ugumu wake, na mwaka 1869 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba uhakiki huo umemsumbua sana lakini umemfaa kuliko mwingine wowote. Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, ambaye njegere zake zilionyesha kwamba sifa hazichanganyiki: hurithiwa kama punje nzima nzima, zinaweza kujificha kizazi kimoja na kutokea kingine zikiwa hazijapungua. Ilibidi kusubiri hadi 1900 watu waisome kazi hiyo kwa makini, na hadi miaka ya 1930 ndipo Ronald Fisher, J. B. S. Haldane na Sewall Wright walipoonyesha kwa hesabu jinsi urithi wa Mendel na uteuzi wa Darwin vinavyoshikamana.

Ukosoaji wa pili wa zama hizo ulitoka kwa mwanafizikia William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin. Mwaka 1862 alikadiria, kwa kuhesabu jinsi dunia inavyopoa, kwamba umri wake uko kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akazidi kuupunguza hadi milioni 20 au 40. Muda huo haukutosha kwa mageuko ya polepole. Hapa aliyekosea alikuwa mkosoaji, ingawa ukosoaji wake ulikuwa wa haki: alitoa namba, na namba inaweza kukaguliwa. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha kwamba ikiwa joto ndani ya dunia husafirishwa na vitu vinavyosogea, na si kwa kupenya tu kwenye mwamba uliotulia, makadirio hayo hupanda hadi mabilioni ya miaka. Leo umri wa dunia unajulikana kuwa takriban miaka bilioni 4.54.

Nimekaa kwenye historia hii kwa sababu inaonyesha sura ya ukosoaji wenye uzito. Jenkin na Kelvin hawakuishia kusema kwamba hawawezi kuamini. Kila mmoja alisema: ikiwa hili ni kweli, basi lile haliwezekani, na hizi hapa hesabu zangu.

Ukosoaji mkubwa kuliko yote katika karne iliyopita ulifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1968 mwanajenetiki wa Japani, Motoo Kimura, alilinganisha protini za wanyama mbalimbali na kukadiria kwamba katika ukoo wa mamalia, badiliko moja la herufi ya DNA huenea katika spishi nzima kila baada ya miaka miwili hivi. Haldane alikuwa amekadiria mwaka 1957 kwamba uteuzi hauwezi kumudu zaidi ya badiliko moja kila vizazi 300, kwa kuwa kila badiliko linaloenezwa na uteuzi linalipiwa kwa vifo au utasa wa wasiokuwa nalo. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na Kimura akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ya molekuli hayana faida wala hasara, na huenea kwa bahati tu. Mwaka uliofuata Jack King na Thomas Jukes walifikia hitimisho kama hilo, na makala yao waliyaita wazi kuwa yanahusu mageuko yasiyo ya Darwin.

Hesabu ya msingi ya nadharia hii inaweza kufanywa kwa vidole. Chukua kundi la viumbe 1,000, kila kimoja kikiwa na nakala mbili za jeni fulani. Jumla ni nakala 2,000. Tuseme, kwa mfano, kila nakala elfu moja huzaa badiliko jipya moja kwa kila kizazi. Basi mabadiliko mapya mawili hutokea kila kizazi, na kwa kuwa hayapendelewi wala hayabaguliwi, kila moja lina nafasi sawa na nakala nyingine yoyote ya kuja kulitawala kundi zima, yaani nafasi moja kati ya 2,000. Zidisha: mbili mara moja ya 2,000 ni moja ya 1,000. Sasa chukua kundi la viumbe milioni moja. Mabadiliko mapya ni 2,000 kila kizazi, lakini kila moja lina nafasi moja kati ya milioni mbili. Zidisha tena: moja ya 1,000. Ukubwa wa kundi umejifuta wenyewe. Kasi ya mageuko yasiyo na faida ni sawa na kasi ya kutokea kwa mabadiliko katika kila nakala, liwe kundi dogo au kubwa. Sijui hoja nyingi katika biolojia zenye uzuri wa namna hii.

Na hoja hiyo ilitabiri mambo. Ilitabiri kwamba sehemu za DNA zisizo na kazi zitabadilika haraka kuliko zenye kazi muhimu, kinyume cha matarajio ya mtu anayedhani kila badiliko ni la manufaa. Ndivyo ilivyoonekana. Protini iitwayo histoni H4, ambayo DNA huzungushiwa ndani ya seli, ina vipande 102 vya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, na kati ya ng'ombe na mmea wa njegere ni viwili tu vinavyotofautiana. Jeni zilizokufa, yaani zilizoacha kufanya kazi, kwa upande mwingine, hubadilika kwa kasi ya juu kabisa. Ukubwa wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, nao unaelekeza huko: kitunguu kina DNA mara tano hivi ya binadamu, na ni vigumu kuamini kwamba kila herufi ya ziada iliteuliwa kwa sababu kitunguu kiliihitaji.

Hata hivyo Kimura hakusema kamwe kwamba jicho au bawa lilitokea kwa bahati. Katika kitabu chake cha 1983 alikubali wazi kwamba maumbo na tabia zinazofaa mazingira ni kazi ya uteuzi. Alichopinga ni kuupeleka uteuzi kila mahali. Ugomvi haujaisha. Mwaka 2018 Andrew Kern na Matthew Hahn waliandika kwamba data za jenomu zimeonyesha uteuzi ukifanya kazi kwa upana kiasi kwamba nadharia ya Kimura haiwezi kuendelea kuwa msingi. Mwaka uliofuata kundi la wanajenetiki wengine, Jeffrey Jensen akiwa mmoja wao, likawajibu kwamba wameielewa visivyo. Hoja ya upande wa kwanza ni nzito hasa kwa viumbe kama nzi wa matunda, ambao makundi yao ni makubwa na uteuzi una nguvu ndani yake. Hoja ya upande wa pili ni nzito kwa viumbe kama sisi, ambao kwa sehemu kubwa ya historia yetu tulikuwa wachache. Kwa maoni yangu jibu litabaki tofauti kwa spishi tofauti, na hilo si udhaifu wa nadharia.

Kuna ukosoaji mwingine ambao unawahusu moja kwa moja walimu na waandishi. Nilipokuwa sekondari, mwalimu alituchorea ubaoni twiga wenye shingo za urefu tofauti na kutueleza kwamba warefu walifikia majani ya juu, wafupi wakafa njaa, na hadithi ikaisha. Hakuna darasani aliyeuliza kama kuna mtu aliyewahi kwenda kupima. Mwaka 1979 wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walishambulia tabia hiyohiyo kwa wanasayansi waliobobea: ya kuona kiungo, kukibunia faida, na kudhani kwamba faida iliyobuniwa ndiyo maelezo. Walitumia mfano wa kanisa la San Marco mjini Venice, ambamo nafasi za pembetatu kati ya matao zimepambwa vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kudhani zilijengwa kwa ajili ya mapambo, ilhali kuba likikaa juu ya matao, nafasi hizo hutokea zenyewe.

Na twiga? Mwaka 1996 Robert Simmons na Lue Scheepers walionyesha kwamba wakati wa kiangazi, chakula kinapokuwa cha kugombaniwa, twiga mara nyingi hula kwenye vichaka vifupi, na majike hutumia muda mwingi wakiwa wamelaza shingo. Wakapendekeza kwamba shingo ilirefushwa na mapigano ya madume wanaochapana kwa vichwa. Mwaka 2007 Elissa Cameron na Johan du Toit wakazungushia miti uzio usiopitisha swala na walaji wengine wafupi. Kwenye miti isiyo na uzio, twiga walipata majani mengi zaidi kwa kila tonge walipokula juu. Kwenye miti yenye uzio tofauti hiyo ilitoweka. Kwa hiyo ushindani wa chakula nao ni wa kweli. Kisha mwaka 2022 yakachapishwa maelezo ya visukuku vya Discokeryx, ndugu wa twiga aliyeishi China miaka milioni 17 hivi iliyopita, mwenye fuvu nene na viungo vya shingo vilivyoumbika kwa kugongana vichwa. Haya yote ni mjadala juu ya uteuzi gani ulifanya kazi, lakini yanaonyesha kwamba hadithi ya ubaoni ilikuwa nadharia tete iliyovishwa nguo za ukweli. Mtetezi anayeisimulia bila kukiri hivyo anampa mpinzani silaha bure.

Turudi kwenye mjadala wa sasa. Kundi la Laland linasema kwamba nadharia ya kawaida inatazama jeni mno na kusahau mambo manne: kwamba namna kiinitete kinavyokua huruhusu maumbo fulani kwa urahisi kuliko mengine, kwamba mazingira hubadilisha umbo la kiumbe bila kugusa jeni, kwamba viumbe hujitengenezea mazingira yanayowateua, na kwamba kuna urithi usiopitia DNA. Mfano wao wa kuvutia ni samaki wa jamii ya furu na sato: wale wa Ziwa Malawi wana undugu wa karibu zaidi wao kwa wao kuliko na wale wa Ziwa Tanganyika, na bado maumbo ya midomo na miili yaliyotokea katika maziwa hayo mawili yanafanana kwa namna ya kushangaza. Je, ni mazingira yaliyofanana tu, au ni mwili wa samaki unaojikunja kirahisi kuelekea maumbo hayo? Swali ni zuri. Kuhusu urithi usiopitia DNA, ninaona ushahidi ni mwembamba zaidi kuliko kelele zake, kwa kuwa alama za kikemia zinazokaa juu ya DNA hufutwa kwa sehemu kubwa mamalia wanapozaa, ingawa katika mimea huweza kudumu vizazi vingi. Wapinzani wa kundi hilo wanauliza ni utabiri upi nadharia mpya inautoa ambao ile ya zamani haikuweza kuutoa, na hadi sasa jibu halijaniridhisha. Lakini ninaona pia kwamba kusema "tulilijua zamani" ni jibu la uvivu ikiwa jambo lenyewe lilijulikana na halikufanyiwa utafiti.

Tofauti kati ya ukosoaji na kelele ilijionyesha Januari 2022. Grey Monroe na wenzake walichapisha utafiti juu ya mmea mdogo wa Arabidopsis thaliana wakisema kwamba mabadiliko ya DNA hutokea mara chache zaidi ndani ya jeni muhimu. Habari zikaenea kwamba nguzo ya Darwin, yaani kwamba mabadiliko hutokea kwa bahati, imeanguka. Watafiti wengine walipokagua data walidai kwamba sehemu kubwa ya matokeo inatokana na makosa ya kusoma DNA. Na hata yangekuwa sahihi yote, kichwa cha makala yenyewe kilisema kwamba mwelekeo huo unaakisi uteuzi asilia: mifumo ya kurekebisha DNA imeteuliwa kulinda sehemu nyeti. Waliotangaza kifo cha nadharia hawakusoma hata kichwa cha habari waliyoinukuu.

Sasa hoja dhaifu. Moja husema kwamba uteuzi asilia ni kauli inayojizunguka: anayefaa hubaki, na anayebaki ndiye anayefaa. Mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper aliwahi kuikaribia hoja hii alipoiita nadharia ya Darwin mpango wa utafiti usioweza kupimwa, kisha mwaka 1978 akajisahihisha hadharani, jambo ambalo wanaomnukuu huliacha. Kufaa hukadiriwa kwa sifa kabla ya matokeo. Michael Majerus wa Cambridge alipoona majaribio ya zamani juu ya nondo weupe na weusi yamekosolewa kwa haki, aliachia nondo 4,864 katika bustani yake kwa miaka sita na kuhesabu walioliwa na ndege. Katika mazingira yasiyo na masizi, ambako weusi huonekana kirahisi, wao ndio walitakiwa kuliwa zaidi. Waliliwa zaidi. Wangeweza kutoliwa, na nadharia ingeaibika. Kauli inayojizunguka haina hatari ya kuaibika.

Hoja nyingine, iliyopewa umaarufu na mwanabiokemia Michael Behe mwaka 1996, inasema kwamba kuna mashine ndani ya seli, kama mkia unaozunguka wa bakteria, ambazo ukiondoa kipande kimoja hazifanyi kazi, hivyo haziwezi kujengwa hatua kwa hatua. Swali lenyewe liliulizwa na mwanabiolojia St. George Mivart mwaka 1871 na lilistahili jibu. Jibu ni kwamba vipande hubadilisha kazi. Mifupa miwili ya sikio letu la kati ilikuwa kiungo cha taya katika wahenga wa mamalia, na visukuku vya Morganucodon vinaonyesha mnyama mwenye viungo vyote viwili vya taya kwa wakati mmoja, kile cha zamani na kile kipya. Mkia wa bakteria nao una sehemu ya chini inayofanana na sindano ambazo bakteria wengine hutumia kudunga sumu. Udhaifu wa hoja ya Behe ukilinganisha na ya Jenkin ni kwamba haitoi namba wala haisemi tutarajie kuona nini. Inageuza "sijaiona njia" kuwa "hakuna njia". Vivyo hivyo hesabu za uwezekano zinazodai protini nzima ijitokeze kwa mkupuo mmoja zinapima jambo ambalo hakuna mwanabiolojia anayelidai.

Matokeo ya haya yote ni ya vitendo. Mtafiti anayetafuta jeni za ukinzani wa bakteria dhidi ya dawa, au mabadiliko yanayoendesha saratani, hukuta maelfu ya tofauti kwenye DNA, na nyingi kati yake ni abiria tu, yaani zimebebwa bila kuwa na kazi yoyote. Tangu Kimura, kanuni ya kazi ni kudhani kwanza kwamba badiliko limeenea kwa bahati, na kulipa uteuzi heshima pale tu data zinapolazimisha. Hiyo ni zawadi ya wakosoaji. Vitabu vya shule vingeweza kuifundisha kwa ukurasa mmoja, pamoja na hesabu ya nakala 2,000 niliyoieleza juu, na mwanafunzi angejua zaidi juu ya sayansi kuliko anavyojua kwa kukariri twiga.

Bahati na uteuzi vimewahi kupimwa pamoja, tena hadharani. Februari 1988 mwanabiolojia Richard Lenski alianzisha makundi 12 ya bakteria aina ya E. coli yanayolishwa sukari ya glukosi kidogo kila siku, na sampuli zikawa zikigandishwa kila vizazi 500. Kwenye chupa kulikuwa pia na kemikali ya sitrati, ambayo bakteria hao hawawezi kuila penye oksijeni. Baada ya vizazi 31,000 hivi, kundi moja tu kati ya 12 likaanza kuila. Mtafiti Zachary Blount akayeyusha sampuli za zamani za kundi hilo na kuanza historia upya kutoka hatua mbalimbali. Uwezo huo ulirudi hasa kwenye sampuli za baada ya kizazi cha 20,000, maana yake kulikuwa na mabadiliko ya awali, yaliyotokea bila kujua yanakoelekea, yaliyofungua mlango; kisha uteuzi ukaingia na kufanya kazi yake. Makundi hayo yameshapita vizazi 75,000 na bado yanakuzwa, na zile sampuli za zamani zimo kwenye friji, zikiwa hai.